Chunusi Nyeusi na Chunusi Nyeupe: Si Uchafu, Wala Si Aibu



Juu ya malaria, kipindupindu na surua tumekwisha kupata mafundisho mengi, nasi twashukuru. Lakini liko jambo moja dogo ambalo ni nadra kulisikia likielezwa katika jamaa zetu, ingawa linagusa karibu kila nyumba yenye kijana. Ni vile vipele vidogo vya usoni, vingine vyenye kichwa cheusi, vingine vyenye kichwa cheupe. Waliosoma Kifaransa huviita points noirs na points blancs. Katika Kiswahili twaviita vyote kwa jina moja: chunusi.

Mtu mzima aweza kucheka na kusema: «Hayo ni mambo ya ujana, yatapita.» Kweli, kwa wengi hupita. Lakini kijana wa miaka 15 hayachekei. Huona haya kusimama ubaoni mbele ya wenzake. Hukataa kupigwa picha. Hujitazama katika kioo asubuhi, adhuhuri na jioni. Mwishowe huenda sokoni kwa siri kununua krimu asiyoijua. Hapo ndipo jambo dogo linapogeuka kuwa kubwa. Maana chunusi nyeusi au nyeupe, ikiachwa na kutunzwa vema, mara nyingi huondoka bila kuacha alama. Bali kucha za mkono, maji ya ndimu, na hasa krimu za kuchubua ngozi, zaweza kuacha alama ambazo mtu atazeeka nazo.

Basi tulitazame jambo hili kwa utaratibu: chunusi ni nini, zatoka wapi, zatunzwaje, na ni nini tunachopaswa kukiepuka.

CHUNUSI NI NINI?

Ngozi ya mtu si kama ngozi iliyowambwa juu ya ngoma. Ni kitu hai, nayo hujitengeneza upya siku zote. Tukiitazama kwa kioo cha kukuzia vitu, tutaona kwamba imejaa vitundu vidogo sana, viitwavyo vinyweleo. Katika kila kinyweleo mna unywele, ambao mara nyingine ni mwembamba hata hauonekani kwa macho. Kando ya unywele huo, ndani ya ngozi, Muumba ameweka tezi ndogo ambayo kazi yake ni kutoa mafuta. Mafuta hayo hupanda polepole, hutoka nje, na kuilainisha ngozi isikauke na kupasuka.

Tezi hizi ziko karibu mwili mzima, isipokuwa katika viganja vya mikono na nyayo za miguu. Usoni, kifuani na mgongoni ni nyingi tena ni kubwa. Ndiyo sababu chunusi hupenda mahali hapo.

Pamoja na mafuta, kuta za kinyweleo huangusha magamba madogo ya ngozi iliyokufa. Kwa kawaida magamba hayo hutoka pamoja na mafuta, kama majani makavu yanavyochukuliwa na maji ya mfereji. Lakini mafuta yakizidi, na magamba yakashikamana badala ya kuachana, mfereji huziba. Kizibo hicho cha mafuta na magamba ndicho mwanzo wa kila chunusi.

Sasa, kwa nini nyingine ni nyeusi na nyingine nyeupe? Mdomo wa kinyweleo ukiwa wazi, kizibo hupigwa na hewa, nacho hugeuka kuwa cheusi, kama vile ndizi iliyomenywa inavyobadilika rangi ikiachwa wazi mezani. Weusi huo si vumbi wala masizi. Ni rangi ya ngozi yenyewe, pamoja na mafuta yaliyobadilishwa na hewa. Lakini mdomo wa kinyweleo ukiwa umefunikwa na ngozi nyembamba, hewa haifiki ndani, na kizibo hubaki cheupe au cha rangi ya ngozi. Basi nyeusi na nyeupe ni watoto wa baba mmoja na mama mmoja. Mmoja amefunguliwa mlango, mwingine amefungiwa.

Yako pia makuzi ya pili. Katika ngozi ya kila mtu, hata aliye safi kabisa, huishi vijidudu ambavyo kwa kawaida havimdhuru. Vijidudu hivyo hupenda mafuta yaliyofungwa. Vikiongezeka nyuma ya kizibo, mwili huanza kupigana navyo. Kipele huvimba, huuma, na pengine hutunga usaha. Katika ngozi nyeusi wekundu wa uvimbe hauonekani wazi kama katika ngozi ya Wazungu, lakini kijana mwenyewe husikia maumivu akigusa. Kwa hiyo anayetunza vema chunusi nyeusi na nyeupe huzuia zile kubwa zenye maumivu. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

KWA NINI HUJA WAKATI WA UJANA?

Mtoto anapoanza kubalehe, mwili wake hutoa kwa wingi vile vichocheo vinavyomfanya awe mtu mzima. Vichocheo hivyo hivyo huziamsha tezi za mafuta, nazo hukua na kufanya kazi kupita kiasi. Hayo huwapata wavulana na wasichana pia. Waganga waliofanya hesabu wanasema kwamba kati ya watu wenye miaka 12 hadi 24, kadiri ya 85 katika 100 hupata chunusi, wengine kidogo, wengine nyingi. Kwa hiyo kijana asidhani kwamba yeye peke yake amechaguliwa kuteswa.

Urithi nao una sehemu yake. Baba au mama aliyekuwa na chunusi nyingi katika ujana wake asishangae kuziona kwa mtoto wake. Wasichana wengi huona zikiongezeka siku chache kabla ya hedhi. Tena wako watu wazima, hasa akina mama, ambao chunusi huwafuata hata wakiwa na miaka 30 au 40.

MANENO YASIYO YA KWELI

Neno la kwanza lisilo la kweli ni hili: «Mwenye chunusi haogi.» Tumekwisha kuona kwamba kizibo kimo ndani ya ngozi, wala weusi wake si uchafu. Kijana anayesugua uso kwa sifongo gumu au kwa sabuni ya kufulia, akidhani atauondoa weusi ule, huumiza ngozi ya juu tu. Kizibo chenyewe hakisogei.

Neno la pili: «Damu yake ni chafu.» Kwa sababu ya neno hilo vijana wengine hunyweshwa dawa za kuendesha tumbo, wakadhoofika bure. Chunusi hazitoki katika damu, nayo tumbo halina hatia.

Neno la tatu lahusu chakula. Wengi hulaumu karanga na mafuta ya mawese. Mafuta tunayokula hayapandi moja kwa moja na kutokea usoni. Lakini si kusema kwamba chakula hakina maana kabisa. Mwaka 2002 wataalamu walitoa habari ya kisiwa cha Kitava, katika nchi ya Papua New Guinea. Waliwatazama watu 1,200, wasione hata mmoja mwenye chunusi. Chakula cha watu wale kilikuwa viazi, matunda, samaki na nazi; vyakula vya viwandani vilikuwa haba sana kwao. Habari hiyo peke yake haitoshi kuthibitisha, maana watu wale wanatofautiana na wengine kwa urithi na kwa desturi pia. Hata hivyo uchunguzi mwingine umeonyesha kwamba vitu vyenye sukari nyingi, kama soda, peremende na biskuti, huzidisha chunusi kwa baadhi ya watu. Kijana anayeacha soda ya kila siku, akanywa maji, akala maharage, sombe, samaki na matunda, hatapata hasara yoyote, na huenda ngozi yake ikamshukuru.

Neno la nne ni baya kuliko yote, nasi twalisema kwa heshima ya wasomaji. Wako watu wazima wasio na haya wanaomwambia msichana au mvulana kwamba chunusi zake zitaondoka akikubali kulala na mtu. Huo ni uongo mtupu. Waliooa na walioolewa hupata chunusi kama wengine, na kinyweleo kilichoziba hakijui kama mtu ana ndoa ama hana. Msichana akiambiwa neno hilo na mtu yeyote, awe jirani, awe ndugu, awe mwalimu wake, ajue kwamba anatengewa mtego. Aondoke hapo, akamwambie mama yake au mtu mwingine anayemwamini siku ile ile.

MAFUTA TUNAYOJIPAKA

Hapa wazazi watusikilize vizuri. Mafuta ya chakula tumeyatoa hatiani, lakini mafuta tunayojipaka kichwani na usoni hatuwezi kuyatoa.

Mwaka 1970 waganga watatu, Plewig, Fulton na Kligman, waliandika katika gazeti la waganga wa ngozi wa Marekani juu ya chunusi walizoziita chunusi za pomadi. Waliziona kwa wanaume weusi waliokuwa na desturi ya kujipaka mafuta mazito kichwani na usoni. Katika paji la uso na kandokando yake vizibo vidogo vilikuwa vimejipanga kwa wingi. Sababu yake ni nyepesi kuelewa: mafuta ya nywele huteremka pamoja na jasho na joto, hufika usoni, na kusaidia kuviziba vinyweleo.

Desturi hiyo tunayo sisi pia. Mama humpaka mtoto vazelini au mafuta ya mise usoni mpaka ang'ae, maana uso unaong'aa huonekana kuwa umetunzwa. Kwa mikono na miguu iliyokauka desturi hiyo ni njema. Lakini mtoto akifika umri wa kubalehe, uso wake hutoa mafuta yake wenyewe, wala hauhitaji kuongezewa mafuta mazito. Mwenye ngozi kavu na atafute losheni nyepesi yenye maneno ya Kifaransa non comédogène, yaani isiyoziba vinyweleo. Naye anayependa mafuta ya nywele ayapake kwenye nywele tu, mbali na paji la uso, kisha anawe mikono. Kitambaa cha kichwani na foronya ya mto vifuliwe mara kwa mara, kwa kuwa hubeba mafuta ya jana na kuyarudisha usoni leo.

Anayeacha mafuta mazito asitazamie kuona badiliko kesho yake. Vizibo vilivyokwisha kufanyika huhitaji majuma mengi, pengine miezi, kabla ya kutoweka.

KUTUNZA USO KILA SIKU

Osha uso mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na tena ukitoka jasho jingi shambani au katika mchezo wa mpira. Tumia maji safi na sabuni laini ya kuogea isiyo na manukato makali. Osha kwa vidole vyako, bila kusugua. Kausha kwa kubonyezabonyeza kwa taulo safi, ambayo ni yako peke yako. Kuosha mara tano au sita kwa siku hakuongezi faida. Hukausha ngozi na kuitia hasira.

Usipake usoni majivu, dawa ya meno wala maji ya ndimu. Ndimu hasa yafaa kuogopwa: maji yake yakibaki katika ngozi kisha mtu akatembea juani, ngozi yaweza kuungua na kutoka malengelenge, na mahali pale pakabaki peusi muda mrefu.

Wengine watasema: «Shauri hili ni jepesi mno.» Watu wa namna hiyo na wamkumbuke Naamani, jemadari wa Shamu, ambaye habari zake zimo katika Kitabu cha pili cha Wafalme. Nabii Elisha alimtumia neno akaoge mara 7 katika mto Yordani, naye akakasirika, kwa kuwa alitazamia jambo kubwa na la ajabu. Watumishi wake walimsihi, akashuka mtoni, akatakasika. Chunusi si ukoma, wala hatutazamii muujiza. Lakini tabia ya Naamani twaijua, maana ni yetu: twadharau lililo jepesi, na kukimbilia lililo ghali.

DAWA ZINAZOFAA

Pengine kuosha na kuacha mafuta hakutoshi. Hapo ziko dawa za kupaka ambazo waganga wamezijaribu miaka mingi. Afadhali zinunuliwe katika duka la dawa linaloaminika, baada ya kuuliza muuguzi, mfamasia au daktari.

Ya kwanza ni asidi ya salisili. Katika boksi la dawa utasoma acide salicylique. Nguvu inayofaa usoni ni kati ya 0.5 na 2 katika 100. Huingia ndani ya kinyweleo na kuyalegeza magamba yaliyoshikamana.

Ya pili ni peroksidi ya benzoili, yaani peroxyde de benzoyle. Hiyo hupunguza vijidudu, nayo hufaa hasa penye vipele vilivyovimba. Anza na nguvu ya 2.5 au 5 katika 100. Ile ya 10 huchoma zaidi, na faida yake haizidi sana. Uangalifu mmoja: dawa hii huondoa rangi ya nguo. Usiipake ukiwa umevaa kitenge kizuri, wala usilalie foronya ya rangi.

Ya tatu ni adapaleni, yenye nguvu ya 0.1 katika 100, iliyo ya jamii moja na vitamini A. Kwa chunusi nyeusi na nyeupe hii ni mojawapo ya dawa bora, kwa sababu huzuia vizibo visifanyike. Hupakwa usiku, kiasi cha punje moja ya njegere chatosha uso mzima. Mama mwenye mimba, au anayedhani kwamba ana mimba, asiitumie.

Dawa hizi zote zaweza kukausha ngozi na kuiwasha mwanzoni. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna sababu ya kuwa waangalifu zaidi, maana ngozi yetu ikikasirishwa huacha madoa meusi. Kwa hiyo anza na dawa moja tu, na upake kila baada ya siku moja katika majuma mawili ya kwanza. Ngozi ikizoea, upake kila siku. Paka mahali pote panapopata chunusi, si juu ya kipele kimoja kimoja, kwa sababu vizibo vya mwezi ujao vimekwisha kuanza ndani, ingawa havijaonekana. Ukitoka juani, vaa kofia.

Halafu subiri. Matunda ya dawa huonekana baada ya majuma 8 hadi 12. Vijana wengi huacha katika juma la tatu, wakisema dawa imeshindwa; hununua nyingine, nayo huiacha vivyo hivyo, na fedha ya wazazi hupotea. Mvumilivu hula mbivu.

Ziko dawa za kumeza pia, lakini hizo ni za daktari peke yake. Vidonge vya kuua vijidudu visitumiwe peke yake wala muda mrefu, maana vijidudu huvizoea. Na dawa iitwayo isotretinoini, inayotolewa kwa chunusi kali sana, yaweza kumharibu vibaya mtoto aliye tumboni. Mtu asiimeze kwa sababu rafiki amempa.

Nayo jamaa isiyo na fedha ya dawa isikate tamaa. Kuosha kwa utaratibu, kuacha mafuta mazito na kutobinya hakuhitaji fedha nyingi, na kwa chunusi chache mara nyingi hutosha.

USIBINYE

Neno hili tumelitengea mahali pake kwa sababu ndilo gumu kushika. Kidole hupanda chenyewe usoni, wakati wa kusoma, wakati wa kuzungumza, wakati wa kuwaza.

Unapobinya chunusi, sehemu ya kizibo yaweza kutoka nje, lakini mara nyingi nyingine husukumwa ndani zaidi. Ukuta wa kinyweleo hupasuka, mafuta na vijidudu humwagika katika nyama iliyo chini, na kipele kidogo kilichokuwa hakiumi huwa jipu. Kikipona huacha kovu lenye shimo, au doa jeusi ambalo laweza kukaa miezi mingi. Tena mishipa ya damu ya pua na mdomo wa juu imeungana na mishipa iliyo ndani ya kichwa. Ni mara chache sana, lakini imetokea kwamba usaha wa mahali pale ulileta ugonjwa wa hatari kichwani. Chunusi ikikusumbua mno, muuguzi aliyefundishwa aweza kuitoa kwa chombo safi. Kucha zako si chombo safi.

HATARI YA KRIMU ZA KUCHUBUA

Sasa tumefika penye hatari kubwa. Katika masoko ya Bukavu, Goma, Lubumbashi na Kisangani krimu za kung'arisha ngozi hupatikana kwa urahisi. Kijana anayetaka kuondoa chunusi na madoa yake huambiwa: «Chukua hii, katika siku chache uso utakuwa laini.» Na ajabu ni kwamba mara nyingi huwa hivyo kweli! Kwa juma moja au mawili uvimbe hushuka na uso hung'aa. Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Nyingi za krimu hizo zina dawa kali za jamii ya kotisoni. Soma boksi: ukiona clobétasol au bétaméthasone, irudishe. Dawa hizo zina kazi yake hospitalini, katika magonjwa fulani na kwa siku chache. Zikipakwa usoni mwezi baada ya mwezi, ngozi huwa nyembamba kama karatasi, mishipa ya damu huonekana, na chunusi mpya hutokea kwa wingi kuliko zile za kwanza. Akijaribu kuziacha, uso huwaka na kuvimba, naye hurudi kwa muuzaji. Hivyo amekuwa mtumwa wa tyubu. Mtu aliyekwisha kuzitumia muda mrefu asione haya kwenda kwa daktari, ili amsaidie kuziacha vizuri.

Nyingine zina haidrokwinoni, yaani hydroquinone. Daktari aweza kuitumia kwa uangalifu katika madoa fulani, lakini kwa mikono isiyojua ni moto. Mwaka 1975 daktari Findlay na wenzake wa Afrika Kusini walieleza habari za watu waliojipaka haidrokwinoni ili wawe weupe, wakaishia kuwa na madoa meusi yenye rangi ya buluu usoni, ambayo ni magumu mno kuondoa. Walitafuta weupe, wakapata weusi usio wa Mungu. Afrika Kusini iliikataza katika vipodozi mwaka 1990, na nchi za Umoja wa Ulaya mwaka 2001.

Tena ziko sabuni na krimu zenye zebaki, yaani mercure. Zebaki hupenya ngozi, hudhuru mafigo na mishipa ya fahamu, na kwa mama mwenye mimba humfikia mtoto. Mwaka 2013 mataifa yalifanya mapatano ya Minamata ili kupunguza zebaki duniani, na mwaka 2023 nchi zilizo katika mapatano hayo zilikubaliana kuiondoa kabisa katika vipodozi.

Krimu isiyoandikwa viungo vyake, iliyochanganywa ndani ya kikopo na muuzaji mwenyewe, ni mbaya kuliko zote, maana hakuna ajuaye kilichomo.

Nasi Wakristo tunayo sababu nyingine ya kukataa. Rangi yetu si ugonjwa unaotafutiwa dawa. Ni zawadi ya Yule aliyetuumba kwa mfano wake, naye hakukosea. Msichana anayetafuta kuondoa chunusi afanya vema. Lakini asikubali kuuziwa dharau ya ngozi yake ndani ya tyubu ile ile.

SI KILA KIPELE NI CHUNUSI

Chunusi hazina homa wala haziambukizi. Lakini mwaka 2023 aina mpya ya virusi vya mpox ilitambuliwa kutoka Kamituga, katika Kivu ya Kusini, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya ugonjwa huo. Vipele vya mpox mara nyingi huja pamoja na homa, maumivu ya mwili na kuvimba kwa tezi za shingo. Huumiza, hujaa maji au usaha, na vyaweza kutokea hata viganjani na nyayoni. Tumesema kwamba hapo hakuna tezi za mafuta, kwa hiyo hapo chunusi haziwezi kutokea. Mtu akiona dalili hizo, aende mara moja kwenye kituo cha afya, wala asiguseguse wengine. Vilevile doa lililopauka ambalo halisikii kuguswa wala joto laweza kuwa mwanzo wa ukoma, ugonjwa ambao siku hizi una dawa na hupona.

Kwa upande mwingine, haifai kumtenga mtoto mwenye chunusi kwa kisingizio cha mpox. Ujinga wa jambo moja usizae dhuluma ya jambo lingine.

NENO KWA WAZAZI NA WALIMU

Ndugu wazazi, jina la utani mlilompa mtoto kwa mzaha, kwa sababu ya uso wake, aweza kulibeba miaka 20. Acheni mzaha huo. Mwulizeni kwa upole ni kitu gani anachojipaka, mkakisome pamoja naye. Mkiona vipele vikubwa vyenye maumivu, au makovu yameanza, au msichana ameota ndevu na hedhi yake imevurugika, mpelekeni kwa daktari bila kungoja. Na mkiona kijana amejitenga, hali vizuri, hataki tena shule wala kanisa, jueni kwamba jeraha lake haliko katika ngozi tu. Kaeni naye.

Nasi walimu, tusimtaje mtoto kwa uso wake mbele ya darasa. Mungu hatazami sura kama tunavyotazama sisi, bali huutazama moyo; na aliye mwalimu afundishe hivyo kwanza kwa mwenendo wake.

Anayependa na ayaandike haya ubaoni, wanafunzi wayanakili:

1. Weusi wa chunusi si uchafu.
2. Osha uso mara mbili kwa siku, kwa upole.
3. Mafuta mazito yakae mbali na uso.
4. Usibinye.
5. Dawa nzuri huhitaji majuma 8 hadi 12.
6. Usipake usoni kitu usichojua kilichomo.
7. Vipele vyenye homa ni vya kituo cha afya, siku hiyo hiyo.